Kabla hujauza ringi za kiwandani, soma kwanza ubavu wa tairi

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Makambako, huku upepo na baridi ni vilevile kama kawaida yetu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, japo sa hivi gazeti nalisomea kwa kinyozi, naomba mnipe nafasi niseme jambo linalonikera kila nikipita stendi nikaona pikapu imevaa ringi nyeusi pana zinang'aa kama sufuria mpya, na nyuma imefungwa tela la mashine. Ukimuuliza mwenye gari anakwambia nimeiapugredi ivute mzigo. Kwa ringi ipi bwana? Kwa tairi lipi? Sisemi kwa dharau, mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa huo ujinga na nusura unizike.

Kazi yangu ni kuvutavuta vitu. Msimu wa mahindi navuta mashine za kupukuchua kwenda vijijini, msimu ukiisha navuta majenereta, mixer za zege, chochote kilichowekwa matairi na mwenye nacho ana hela ya dizeli. Gari ni Hilux dabo kabini, nilipolinunua lilikuja na ringi zake za inchi 17 na tairi 265/65R17, gari lilikuwa limetulia tu halina neno, ila mtu ukishakaa na kitu miaka mitatu unaanza kukiona kizee. Nikaingia duka moja mjini (sitalitaja) nikatoka na ringi za inchi 20 na tairi 265/50R20, muuzaji ananiambia bosi hapa umemaliza kazi, hizi ni pana, zinakaa chini vizuri, tela litafuata kama mtoto. Ringi zangu za zamani nikamwachia hapohapo kwa bei ya kutupa. Nilirudi nyumbani napigiwa honi njia nzima, we acha tu.

Mwaka juzi mwezi wa 6 nikapata kazi ya kupeleka jenereta Morogoro. Tela lilikuwa langu, la tairi mbili, tulichomelea hapahapa mtaani, na tairi zake nilinunua za mtumba kutoka kwenye gari dogo maana nilijiambia tela halina injini, linahitaji nini zaidi ya kitu cha kuzunguka? Tukatoka saa kumi alfajiri, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Mafinga tukapita, Ipogolo tukanywa chai, Kitonga nikashuka na gia ya pili taratibu bila wasiwasi. Ila wanaoijua ile njia wanajua ukimaliza Kitonga unaingia bonde la mibuyu, kutoka kwenye baridi mpaka kwenye tanuri ndani ya muda mfupi. Pale Ruaha Mbuyuni dada mmoja wa vitunguu akaniambia kaka tela lako linanuka mpira. Nikacheka, nikamwambia ni breki za malori hizo.

Hatukufika mbali, tukaanza zile kona za Iyovi. Nilisikia paa! kama bomba la lori limepasuka, kisha usukani ukawa kama si wangu, tela linavuta kulia, gari linaenda kushoto, linarudi, linaenda tena. Sikukanyaga breki, si kwa ujuzi, ni mguu tu ulikataa, na nadhani hiyo ndiyo iliyotuponya maana gari likapunguza lenyewe mpaka tukasimama kwenye changarawe, mbele yetu hatua chache kuna bonde. Dogo niliyekuwa naye alishuka akaenda kukaa chini ya mti, hakusema neno karibu nusu saa.

Tulipata msaada mpaka Mikumi na hapo ndipo nilipopata shule ambayo leseni haikunipa. Kuna mzee mmoja fundi pancha, kibanda chake cha mabati na kompresa ya kelele. Nimemwamkia shikamoo, kaitika, kaliangalia tairi lililobaki tela, kainama na kitambaa akapangusa vumbi kwenye ubavu. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" Nikasoma, 185/70R14. Akasema endelea. Nikasoma 88T. "Hiyo 88 unajua ni nini?" Sikujua. Nimeendesha miaka 14 sikujua.

Hiyo namba ndiyo kilo, Mhariri. Sio kilo zenyewe, ni kama namba ya chumba, unaenda kwenye jedwali unakuta mzigo wake. 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, basi, na herufi inayofuata ni spidi. Tairi mbili za 88 ni kilo 1,120. Kesho yake tukapitisha tela kwenye mizani ya ghala moja la mpunga, likasoma kilo 1,940 na kati ya hizo kilo 190 zilikuwa zimelalia kwenye ndoano ya gari. Toa hizo, zinabaki 1,750 juu ya tairi mbili, yaani 875 kila moja. Tairi la kilo 560 nilikuwa nimelibebesha 875, kwenye jua la Ruaha Mbuyuni, halafu upepo wenyewe sikumbuki mara ya mwisho nimepima lini. Yule dada wa vitunguu alikuwa fundi kuliko mimi.

Mzee akaligeukia na gari sasa. Akatoa ringi moja ya nyuma, akaigeuza, akanionyesha maandishi madogo yaliyopigwa upande wa ndani, mahali ambapo hakuna mnunuzi anaangalia: mwisho kilo 690. Tulipoweka ekseli ya nyuma peke yake kwenye mizani, tela limefungwa, nyuma kuna madumu ya mafuta na mashine ya kuchomelea na boksi la spana, ilisoma kilo 1,620. Kila ringi ya nyuma inabeba 810. Na kweli ile ringi ilikuwa na ufa kama unywele kwenye shina la mkono mmoja, ukipitisha kucha unausikia. Yaani hata tela lisingepasuka, siku moja ningeangusha gurudumu zima.

Hapa kuna kitu watu wengi hawakijui na mi nilikuwa nabisha mpaka nilipokiona kwenye mizani. Kilo 190 za kwenye ndoano hazifiki kwenye ekseli ya nyuma zikiwa 190. Ndoano imekaa nyuma ya ekseli, kwenye gari langu karibu mita moja na robo, kwa hiyo inafanya kazi kama mtu anayekalia mwisho wa benchi, nyuma inashuka mbele inainuka. Kutoka ekseli hadi ekseli Hilux yangu ina mita 3.085, ukipiga hesabu zile 190 nyuma zinakuwa kama 267, na mbele inapungukiwa kama 77. Ndo maana ukifunga tela zito usukani unakuwa mwepesi na taa usiku zinamulika minazi. Sasa mtu anaongeza tela bila kuhesabu hilo, anaongeza na ndoo na abiria na magunia mawili ya jirani, afu anashangaa tairi ya nyuma imeota nundu.

Muuzaji ukimuuliza kuhusu uzito anakujibu kwa plai. Hii plai 8 bosi, hii plai 10 bosi. Zamani plai zilikuwa ni matabaka kweli ya kitambaa ndani ya tairi, sasa hivi imebaki ni lugha tu ya kuonyesha daraja la ugumu, tairi la plai 10 halina matabaka kumi ukilipasua. Mimi siku hizi plai sikatai ila nataka namba. Nikiona 112 najua ni kilo 1,120. 115 ni 1,215. 120 ni 1,400, 121 ni 1,450. Ikiandikwa mbili, mfano 121/118, ya kwanza ni tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni pale zinapofungwa pacha kama kwenye Canter, sisi wa pikapu tunasoma ya kwanza. Na ukiona herufi C mwishoni mwa saizi, kama 195R14C, ujue ni la magari ya mizigo, na LT mwanzoni nayo ni hivyohivyo kwa mtindo wa Kimarekani.

Na sasa nije kwenye kosa ambalo naliona kila siku hata kwa watu makini. Mtu kasikia ushauri, kanunua tairi ngumu LT plai 10, kalipa hela nyingi, kafunga, halafu anajaza upepo uleule 30 aliouzoea. Ndugu zangu, kilichobeba mzigo ni upepo, mpira ni gunia tu la kuushikilia! Lile la plai 10 linabeba uzito wake kamili likiwa na psi 80 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji), lile la plai 6 ni 50, la plai 8 ni 65. Ukilijaza 30 au 35 uwezo wake unashuka sana, linaweza kubeba hata pungufu ya lile laini ulilotoa. Halafu linajikunja kila mzunguko, kujikunja ndiko kunaleta joto, na joto ndilo linalochambua nyuzi za ndani mpaka linafunguka. Sisemi kila mtu ajaze 80, gari likiwa tupu utarukaruka kama mbuzi na tairi litakula katikati, nasema ujue mzigo wako halafu ujaze kulingana na mzigo.

Na kipimo ni asubuhi kabla gari halijatembea. Huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni friji, ukifika chini bondeni geji itasoma juu, kwenye tairi la 35 kila nyuzi 5 au 6 za joto zinaongeza karibu 1, ukichanganya na joto la mwendo inapanda zaidi. Madereva wengi wakiona imepanda wanabonyeza valvu wanatoa, eti lisipasuke. Hapo ndo unaliua. Wacha lilivyo, linajua linachofanya.

Kitu kidogo ila nilikikuta kwa yule mzee, valvu. Hizi za mpira tulizozoea mwisho wake ni 65. Ukitaka kujaza 70 au 80 weka za chuma zenye nati, na ringi yenyewe iwe ya kubeba upepo huo.

Kuhusu ringi naweza kuongea mpaka gazeti liishe. Pikapu nyingi zina stadi sita, zile bolti za kufungia gurudumu, zimepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, kwa hiyo ringi ya Hilux inaingia kwenye Ranger, muuzaji anakwambia inaingia si unaona? Inaingia ndiyo, lakini tundu la katikati la Hilux ni milimita 106, habu ya Ranger, kile kitovu ambacho ringi inakalia, ni 93, inabaki ina nafasi, gurudumu linabebwa na stadi peke yake badala ya kukaa kwenye habu, bila pete ya kujazia utasikia mtikisiko na siku utavunja stadi. Nati nazo, ringi ya chuma inataka nati zenye koni, ringi ya alumini ya kiwandani ya Toyota mara nyingi inataka zile zenye washa bapa, ukichanganya zinakaza kwa uongo. Na ukishafunga ringi mpya tembea kilomita 50 mpaka 100 kisha kaza tena, hii hata mimi nilikuwa naona ni uoga wa wazee.

Halafu kuna wanaotaka tairi zitokeze nje ya bodi. Wanaweka spesa, yaani kipande cha kusogeza gurudumu nje, au ringi yenye ofseti ndogo, ofseti ni milimita ambazo sehemu ya kufungia imesogea kutoka katikati ya ringi. Hilux yangu kiwandani ni +30, ukiweka ringi ya 0 umelisogeza gurudumu nje sentimita tatu, uzito wote umeuweka mbali na beringi kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooka. Kwa mapicha ya harusi sawa. Kwa tela la tani mbili Kitonga, hapana.

Na ukubwa. Jamaa yangu mmoja kapandisha kutoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, tairi limezidi kipenyo karibu asilimia 7. Akawa analalamika gari limekufa nguvu, kabadilisha mpaka pampu ya dizeli, kumbe ni sawa na kurefusha gia, injini inasukuma gurudumu kubwa kwa nguvu ileile, na breki nazo zinashika gurudumu kubwa kwa diski ileile. Juu ya hapo geji ya spidi inamdanganya, yeye anasoma 50 kijijini, tochi inasoma 53 na ushee. Keshalipa faini mpaka kanuna. Kwa mtu anayevuta mzigo tairi kubwa zaidi ni hasara, kama unataka kuapugredi ongeza namba ya uzito, saizi iache ilivyo.

Mimi nilifanya nini? Nilirudi kwenye lile duka kwa aibu, ringi zangu za inchi 17 zilikuwa bado zipo, nikazikomboa kwa mara mbili ya bei niliyomwachia, jamaa anatabasamu tu. Nikazivalisha LT265/65R17 zenye 120, kwa mzigo wangu nyuma najaza 55, likiwa tupu narudisha 40. Ukweli wenyewe ambao unauma ni kwamba hata zile za kiwandani zenye 112 zingetosha kwa uzito, mbili ni kilo 2,240 na mimi nilipima 1,620. Nilichofuata kwenye LT ni ubavu mgumu, gari halichezi tela likisukuma, na mawe ya barabara za vijijini hayalichani kirahisi. Nalo lina adha zake, linakula mafuta kidogo zaidi, bila mzigo linagonga mgongo, mama watoto kagoma kupanda kwenda kanisani. Asiyevuta tela wala hana haja nalo, asije akanilaumu.

Tela ndilo lililokula hela kuliko gari. Nimeweka 195R14C zenye 106, kilo 950 kila moja, jumla 1,900 dhidi ya 1,750 zangu, akiba ni ndogo kwa hiyo jenereta kubwa kama lile silibebi tena mpaka niweke ekseli ya pili. Beringi mpya, grisi, na spea ya tela, ndiyo, spea ya tela, hebu angalieni matela mangapi barabarani yana spea. Na nilinunua mpya baada ya kusoma zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Niliponunua mtumba za mwanzo kumbe zilikuwa zimeshafikisha umri wa mtoto wa darasa la tano, kashata zake nzima kabisa, ukiangalia juu unasema mpya.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Ukurasa wenu wa magari mnatuwekea picha nzuri za pikapu zilizonyanyuliwa, sawa, tunafurahi. Siku moja wekeni na lile jedwali la namba za uzito, kuanzia 80 hadi 125, nusu ukurasa tu inatosha, watu watalikata wabandike kwenye kioo cha gari kama wanavyobandika kalenda. Na wauza tairi nao waandike kilo kwenye kibao cha bei, pale penye saizi na shilingi paongezwe kilo, mbona mchele wanaweza.

Zile ringi za inchi 20 muuzaji alikataa kuzipokea, ziko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia. Wameshakuja vijana wawili kuziulizia, mmoja ana pikapu na tela la kubebea ng'ombe, akanipandia bei mpaka nikaanza kutetereka. Nikampeleka nikamgeuzia ile yenye ufa, nikamwambia pitisha kucha hapa.

Wako,
Dereva wa matela,
Makambako, Njombe